Rufaa si dharau kwa marehemu wetu

Tangu Februari 2023 mgogoro wa udongo kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola umemwaga damu nyingi katika Tshopo. Ulianza Lubunga, komini ya Kisangani iliyo ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, juu ya eneo kubwa lililopewa kampuni ya kilimo. Upande mmoja uliushtaki mwingine kwamba umeuza udongo wa mababu. Mapigano yakaenea hadi Ubundu na Opala. Mamia ya watu waliuawa, vijiji vikachomwa, na maelfu wakakimbia makwao.

Mtu akihukumiwa kwa mauaji ya namna hii kisha akakata rufaa, wengine husema: "Wanataka kumfungua muuaji." Wengine husema: "Kabila letu lote limehukumiwa." Maneno yote mawili yanapotosha, na yanaweza kuwasha moto upya. Kwa hiyo tueleze.

Rufaa ni nini?

Ni kuomba korti ya juu ichunguze kesi tena. Katiba yetu ya 2006, kifungu 21, inampa kila mtu haki hiyo. Katika korti za kawaida, aliyehukumiwa ana siku 10. Adhabu husubiri, lakini kukata rufaa peke yake hakufungui mlango wa gereza. Mwendesha mashtaka naye anaweza kukata rufaa akiona adhabu ni ndogo, na jamaa za marehemu waliojiunga na kesi wanaweza kufanya hivyo juu ya fidia. Hata mtume Paulo aliomba kusikilizwa na Kaisari (Matendo 25).

Kila mmoja kwa tendo lake

Kundi likitoka na mishale, mapanga na bunduki za kuwinda, nani aliua? Sheria inatenganisha. Aliyepiga, aliyechochea, au aliyetoa msaada ambao bila huo mauaji yasingetendeka, anahesabiwa mtendaji. Aliyesaidia kwa njia nyingine ni mshiriki: pale mtendaji anapostahili kifo au kifungo cha maisha, mshiriki anapata miaka 10 hadi 20. Aliyezaliwa tu katika kabila fulani hana kosa. Kifungu 17 cha Katiba kinasema wazi kwamba mtu hahukumiwi kwa tendo la mwingine, na Torati ilikwisha kufundisha hivyo (Kumbukumbu la Torati 24:16).

Maswali hayo ndiyo korti ya rufaa inayauliza tena. Tangu Machi 2024, serikali ilipoondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo, kosa la jaji linaweza kukosa dawa.

Udongo unabaki

Korti ya jinai haigawi mashamba. Sheria ya 1973 ilisema udongo ni mali ya Serikali, na ikaahidi agizo la Rais la kupanga haki za jamaa za vijijini. Zaidi ya miaka 40 ilipita bila agizo hilo. Kwa hiyo hata hukumu iliyo ya haki kabisa itaacha swali la mipaka likingoja machifu, Serikali na wenyeji waketi pamoja.

Kazi ya kanisa

Tumkumbuke Nabothi (1 Wafalme 21). Hakuuawa na wezi wa usiku. Aliuawa na mashahidi wawili wa uongo, mbele ya wazee waliokubali, kwa sababu ya shamba lake. Basi tunawaomba washarika wa pande zote: aliyeona aseme alichoona, hata kama mtendaji ni wa nyumba yake. Asiyeona asitaje jina la mtu. Wachungaji wawatembelee wafungwa na wajane, Wambole na Walengola, bila kuchagua. Marehemu wetu wanaheshimiwa pale mwenye hatia anapoadhibiwa na asiye na hatia anaporudi kwake.