Gari la dizeli 'likifunguliwa', ni nini hasa kinachofunguliwa?

MSAMIATI wa gereji hukua kwa kasi kuliko kamusi. Kizazi kimoja kilichopita, fundi wa magari alizungumzia pampu, nozeli na gasketi. Leo, katika gereji hizo hizo za Kirinyaga Road na Industrial Area jijini Nairobi, utamsikia akitaja kuskani gari, kusoma kompyuta na, kwa wenye magari ya dizeli, kazi inayoitwa 'rimapu'. Maelezo yake kwa mteja huwa mafupi: "Mkubwa, hii gari imefungwa kutoka kiwandani. Nikiifungua itavuta vizuri na itakula mafuta kidogo."

Kauli hiyo ni fupi lakini imebeba madai matatu: kwamba gari limefungwa, kwamba litavuta na kwamba litakula kidogo. Mara nyingi huongezwa la nne, kwamba kuna kitu kitakachofutwa. Makala haya yanayachambua maneno hayo moja baada ya jingine, kwa sababu mwenye gari anayeitikia "sawa, fundi" hukubali mambo mengi kuliko aliyoyasikia.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Kwa njia ya utohozi, wasemaji wamepata nomino rimapu na kitenzi kurimapu. Maana yake ni kuchora upya ramani. Swali la haki ambalo msomaji anaweza kuuliza ni hili: injini ina ramani gani?

Historia ya neno ramani inaweza kutusaidia hapa. Wachunguzi wa asili ya maneno hulihusisha na neno la Kiajemi rahnama, yaani kionyesha njia. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na vitabu vya uongozaji wa vyombo vilivyojulikana kama rahmani. Hivyo vilikuwa vitabu vya maelekezo: ukiwa mahali fulani, na nyota fulani ikiwa kimo fulani juu ya upeo wa bahari, elekeza chombo upande fulani. Ramani ya injini ni ya jinsi hiyo hiyo. Haionyeshi nchi wala barabara. Humwambia nahodha la kufanya, na nahodha mwenyewe ni kompyuta ndogo iliyofichwa karibu na injini.

Ukiifungua ramani hiyo kwenye kioo cha tarakilishi, utaona majedwali. Upande mmoja wa jedwali huwa na idadi ya mizunguko ya injini kwa dakika. Upande wa pili huonyesha jinsi dereva alivyokanyaga mafuta. Pale mistari inapokutana pana tarakimu. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika na dereva akiwa amekanyaga nusu, nozeli itie kiasi hiki cha dizeli. Jedwali jingine huamua dizeli iingie lini, jingine huamua shinikizo la dizeli kwenye bomba linalolisha nozeli, na jingine huamua turbo isukume hewa kiasi gani. Juu ya yote kuna majedwali ya mipaka: hata dereva akanyage vipi, usivuke hapa.

Mpangilio huu unatokana na maumbile ya injini yenyewe. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ile ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliifanya ifanye kazi vyema mjini Augsburg, Ujerumani, mnamo 1897, haina cheche. Hewa hubanwa mpaka ikawa moto sana, kisha mafuta hunyunyiziwa ndani yake na kuwaka yenyewe. Kwa hivyo nguvu ya injini ya dizeli huamuliwa hasa na kiasi cha mafuta yanayonyunyiziwa na wakati yanaponyunyiziwa. Katika magari ya zamani, fundi aliyetaka nguvu zaidi alitumia bisibisi kukaza skrubu ya pampu. Tangu magari madogo yalipoanza kutumia mfumo wa bomba moja lenye shinikizo kubwa, mnamo 1997, kazi ya skrubu ilihamia kwenye tarakimu. Fundi wa leo huchomeka kebo chini ya usukani, hunakili majedwali, hubadilisha baadhi ya tarakimu na kuyarudisha.

Sasa tulitazame neno la kwanza, 'imefungwa'. Je, ni kweli kwamba kiwanda hufunga gari? Kuna ukweli ndani yake. Chukua mfano wa Toyota Hilux yenye injini ya lita 2.8 iliyotoka mwaka 2015. Injini ilikuwa moja na uwezo wake ulitajwa kuwa kilowati 130. Hata hivyo, katika masoko kama Afrika Kusini, iliyouzwa na gia za otomatiki ilipewa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 450, ilhali ile ya gia za mkono ilipewa 420. Tofauti hiyo ya 30 iko kwenye ramani. Kiwanda kilijua gia na klachi za gari lile zinaweza kubeba nini, kikaandika mpaka.

Mfano huo huo una upande wa pili. Mwaka 2020 Toyota iliongeza uwezo wa injini hiyo hadi kilowati 150 na nyutoni-mita 500 kwa gari la otomatiki. Haikubadilisha tarakimu peke yake. Turbo ilibadilishwa na nozeli pia. Gari la gia za mkono likabaki na 420 zake. Ikiwa mwenye injini mwenyewe, aliyeichora na kuijaribu, aliona haja ya kubadilisha vyuma kabla ya kubadilisha ramani, basi anayeahidi ongezeko la namna hiyo kwa kebo na nusu saa ana la kutueleza.

Kwa maoni yangu, neno linalofaa zaidi si kufungwa bali akiba. Kiwanda huuza gari lile lile katika nchi nyingi. Hakijui litajazwa dizeli ya aina gani, litavuta trela katika joto gani, wala litabadilishiwa oili baada ya kilomita ngapi. Huacha nafasi kati ya kile injini hufanya na kile inachoweza kufanya kabla ya kuumia. Rimapu hutumia sehemu ya nafasi hiyo. Aliyefunguliwa mlango haoni hasara yoyote. Aliyetumia akiba anajua kwamba kilichotumika hakipo tena. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya uamuzi wa mwenye gari, hasa gari likiwa la mtumba lililokwisha kutembea kilomita 150,000 na akiba yake imeanza kuliwa na uchakavu.

Neno la pili ni 'itavuta'. Hapa fundi mwaminifu husema kweli. Injini ya dizeli yenye turbo huitikia rimapu kuliko injini ya petroli isiyo na turbo, kwa sababu turbo inaweza kuongezewa hewa na nozeli ikaongezewa mafuta. Lugha ya kila siku huyaweka yote katika neno moja, nguvu, lakini kuna mambo mawili tofauti. Kuna nguvu ya kuzungusha, ile inayong'oa gari lenye mzigo kutoka mahali lilipo, na kuna uwezo, yaani kazi inayofanywa katika muda fulani, unaohisiwa gari linapokimbia. Dereva anayepanda kutoka Mai Mahiu na magunia nyuma anahitaji zaidi ile ya kwanza. Anapokwenda kwa fundi, aseme hivyo. Vinginevyo atapewa mbio ambazo hakuziomba.

Tena ramani nzuri ya mahali pamoja inaweza kuwa mbaya mahali pengine. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko kimo cha takriban mita 1,700, ambapo shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja kwa tano. Timboroa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ni zaidi ya mita 2,700. Kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, ndivyo turbo inavyolazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kujaza injini. Ramani ya kiwanda hulijua hilo na hupunguza shinikizo gari linapopanda. Anayenunua faili iliyochorwa kwa ajili ya nchi tambarare ya Ulaya na kuimwaga ndani ya gari linalopanda Timboroa anafanana na nahodha anayesafiri na rahmani ya bahari nyingine.

Neno la tatu, 'itakula kidogo', ndilo linalowavuta wengi, na ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Rimapu haiundi nishati. Nguvu ya ziada hutoka kwenye dizeli, na dereva akiitumia kila mara, gari litakula zaidi kuliko lilivyokula awali. Uokoaji, pale unapopatikana, huja kwa njia mbili. Kwanza, gari likivuta vizuri katika mizunguko ya chini, dereva hupandisha gia mapema na kukanyaga kidogo. Pili, fundi anaweza kuwahisha kidogo wakati wa kunyunyizia mafuta ili yatoe kazi zaidi. Njia ya kwanza hutegemea mguu wa dereva. Ya pili ina bei yake: mwako huwa wa joto kali zaidi, na oksidi za nitrojeni, gesi zinazoumiza mapafu, huongezeka.

Tufanye hesabu ya kukadiria. Tuseme pikapu hutembea kilomita 2,000 kwa mwezi na kupata kilomita 10 kwa lita. Hutumia lita 200. Rimapu ikiokoa asilimia 5, mwenye gari hubakiwa na lita 10. Ikiokoa asilimia 10, hubakiwa na lita 20. Zidisha lita hizo kwa bei ambayo EPRA hutangaza kila tarehe 14, kisha ugawanye malipo ya fundi kwa jumla hiyo. Utapata idadi ya miezi ya kurudisha pesa zako. Anayetembea kilomita 400 kwa mwezi huenda akasubiri miaka.

Na usipime kwa tarakimu za dashibodi. Mara nyingi kompyuta hukadiria ulaji wa mafuta kutokana na amri inazozitoa kwa nozeli. Amri hizo zikishabadilishwa, dashibodi inaweza kuonyesha uokoaji ambao haupo. Jaza tangi mpaka juu, tembea njia zako za kawaida, jaza tena, andika lita na kilomita. Fanya hivyo mara kadhaa kabla ya rimapu na baada yake.

Limebaki neno la nne, 'kufuta', ambalo mara nyingi hutajwa kama zawadi: "Na hiyo filta ya ekzosi nitakufutia." Kinachofutwa ni chujio la masizi, au ile vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako. Ni kweli kwamba chujio huziba, hasa kwa gari linaloendeshwa safari fupi fupi za mjini ambapo halipati joto la kutosha kuyachoma masizi. Lakini kitenzi kufuta hutumiwa kwa vitu visivyo na uzito: tunafuta ubao, tunafuta kosa. Masizi hayafutiki. Yaliyokuwa yakibaki kwenye chujio sasa huenda kwa mama anayeuza mboga kando ya barabara na kwa mtoto anayesubiri matatu. Mnamo 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Ulimwengu ulipata funzo kuhusu uzito wa tarakimu hizi mnamo Septemba 2015, wakati shirika la Marekani la kulinda mazingira lilipotangaza kuwa Volkswagen iliweka ndani ya magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa. Wakati wa kupimwa lilikuwa safi. Barabarani lilitoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Hakuna chuma kilichoonekana kuwa na kasoro. Hila yote ilikuwa katika maandishi.

Je, basi mtu asirimapu gari lake? La hasha. Pikapu yenye afya, ikichorewa ramani kwa kiasi na fundi aliyeipima kwenye mashine na barabarani, hufanya kazi yake kwa wepesi zaidi, na moshi wake hauwi mweusi. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuichoma. Akiona hivyo, mwenye gari ajue kwamba pesa zake zinatoka kwa ekzosi. Ila kabla ya kebo kuchomekwa, mteja na fundi wanapaswa kuzungumza lugha moja. Fundi, umebadilisha majedwali gani, na kutoka ngapi hadi ngapi? Klachi na gia hizi zinabeba kiasi gani? Turbo na nozeli umezipima? Ramani hii imejaribiwa kwenye kimo chetu? Chujio liko wapi? Nakala ya ramani ya kwanza nitaipata? Kampuni ya bima nayo iarifiwe, kwa kuwa gari iliyolikatia bima silo hili tena.

Nasi wapenzi wa lugha tuna kazi yetu. Rimapu limekwisha kuingia na halitatoka. Tulipokee kama tulivyoipokea gereji yenyewe. Kufungua na kufuta ni maneno yetu wenyewe, na ndiyo yanayotupotosha. Mafundi wakisema kutumia akiba mahali pa kufungua, na kung'oa chujio mahali pa kufuta, mteja ataelewa bei kamili kabla ya kutoa simu yake kulipa.