Saa 200 za Mafundi

Tarehe 4 Novemba 2025, ndege ya mizigo ya UPS aina ya MD-11 ilikuwa ikipaa kutoka Louisville, Marekani, injini yake ya kushoto ikachomoka pamoja na mhimili unaoishikilia chini ya bawa. Wachunguzi walikuta nyufa za uchovu wa chuma kwenye vishikio vya mhimili huo. MD-11 imezaliwa na DC-10, na mambo ya DC-10 hayaelezeki bila kurudi Chicago.

Ilikuwa Ijumaa, 25 Mei 1979. DC-10 ya American Airlines, safari namba 191, ilikuwa na watu 271 ikielekea Los Angeles. Ilipoinua pua tu, injini ya kushoto ikang'oka, ikapita juu ya bawa na kuanguka kwenye njia ya kurukia. Baada ya sekunde 31 ndege ikaanguka. Wote waliokuwemo walikufa, na wawili waliokuwa chini.

Injini mbili zilizobaki zingetosha kuirusha. Lakini ile iliyong'oka ilikata mabomba ya haidroliki, vibawa vya mbele vya bawa la kushoto vikajikunja vyenyewe. Marubani, ambao hawawezi kuliona bawa wakiwa kwenye viti vyao, walipunguza mwendo hadi takriban kilomita 283 kwa saa, kama kitabu kilivyoelekeza. Bawa lile sasa lilihitaji 294. Kitetemeshi cha usukani wa rubani mkuu, ambacho kingemwonya, kilipata umeme kutoka injini iyo hiyo iliyokwisha kuanguka.

Chanzo kilikuwa karakana ya American Airlines mjini Tulsa, wiki nane kabla. Mtengenezaji, McDonnell Douglas, alitaka injini ishushwe kwanza, mhimili ufuate. Karakana iliona afadhali kushusha vyote kwa pamoja kwa foklifti na kuokoa saa zipatazo 200 za kazi kwa kila ndege. Foklifti haina usahihi wa kazi hiyo. Ukingo wa chuma wa mhimili ukagongwa, ukapata ufa wa sentimita 25 ambao hakuna aliyeuona.

Na hapa ndipo ghadhabu inapostahili. Shirika la Continental, lililotumia njia kama hiyo, lilikuwa limevunja ukingo uo huo mara mbili, Desemba 1978 na Februari 1979. Likakarabati, lakini halikuitaarifu mamlaka ya anga ya serikali, kwa hoja kwamba lilikuwa kosa la mafundi, si kasoro ya ndege.