Mgunga Ni Mti Gani? Majina ya Miti ya Bariadi na Kamusi Zetu

Mwanafunzi atafutaye neno mgunga katika kamusi zetu aghalabu huambiwa kuwa ni mti wenye miiba. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayamfai mtu aliyesimama Bariadi, ambako miti yenye miiba imejaa kila upande.

Wataalamu wa mimea nao wameligawa jina lao. Kwa maamuzi ya Vienna (2005) na Melbourne (2011), Acacia ilibakia kwa miti ya Australia, na migunga ya Afrika ikaingia katika Vachellia na Senegalia. Tofauti yaonekana kwa macho: Vachellia ina miiba iliyonyooka, miwili miwili, Senegalia ina miiba iliyopinda kama kulabu. (Vachellia tortilis ina ya namna zote mbili, hapo tazama maganda yaliyojisokota.)

Msukuma hakuhitaji kongamano. Vachellia drepanolobium yeye huuita ilula, wingi malula, na atajapo ilula amekwisha kutaja udongo pia, kwani mti huo hustawi mbugani. Katika Kiswahili sanifu mbuga ni uwanda wa nyasi au hifadhi ya wanyama. Usukumani ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ufurao masika na kupasuka kiangazi, hata mizizi ya miti mingi ikakatika. Tazameni pia ngeli: mbuyu, yaani ng'wandu, umebaki katika ngeli ya miti (ng'w ya Kisukuma ni mw yetu, kama ng'wana na mwana), bali ilula imehamia I-/MA-. Jambo hilo lastahili tasnifu.

Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga (Simiyu ilizaliwa 2012), ngitili, yaani malisho yanayofungwa masika, zilirudisha miti mingi kutokana na visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini. Achaguaye chipukizi la kubakiza hana ua wala tunda la kutazama. Ana gome, miiba, na jina alilorithi. Mjukuu wake afundishwaye mgunga tu atachagua kwa lipi?

Napendekeza kidahizo hiki kiingie kamusini:

ilula nm ma- mgunga mfupi wa udongo mweusi, wenye miiba iliyonyooka ambayo baadhi yake huvimba chini kuwa vinundu vikaliwavyo na sisimizi walindao majani. Upepo upitapo katika matundu yake hulia kama mluzi.