Mpasuko wa Mishipa ya Shingo na Haraka ya Stenti

Kiharusi kikitajwa, wengi huwaza mzee mwenye shinikizo la damu. Fikra hiyo haina makosa, lakini haitoshi. Kwa vijana na watu wa makamo, yaani nguvu kazi ya taifa lolote, mojawapo ya sababu kubwa za kiharusi ni kupasuka kwa utando wa ndani wa ateri zipandazo shingoni kupeleka damu kwenye ubongo. Ateri hizo ni nne, mbili mbele na mbili nyuma. Utando ukichanika, damu hupenya baina ya tabaka za ukuta wa mshipa, njia ikasongwa. Kisha damu huweza kuganda hapo, kipande kikakatika na kwenda kuziba ubongoni. Chanzo chaweza kuwa ajali ya gari au shingo kuzungushwa kwa nguvu (vinyozi wenye mtindo huo na wasikie), na mara nyingine chanzo hakionekani kabisa.

Stenti ni kibomba chembamba cha wavu wa metali. Aghalabu daktari hukipitisha kwenye mshipa wa kinena hadi shingoni, kikatanuka, kikaubana mchaniko na kufungua njia. Ni ufundi wa kustaajabisha. Hata hivyo si tiba ya kwanza. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa CADISS, uliofanywa Uingereza na Australia. Wagonjwa 250 waligawanywa: baadhi walipewa dawa za jamii ya aspirini, wengine dawa kali zaidi za kuzuia damu isigande. Katika miezi mitatu waliopatwa na kiharusi walikuwa 4 tu. Kwa uchache huo haikuwezekana kuamua ipi bora kati ya dawa hizo, lakini ilidhihirika kwamba walio wengi huvuka salama bila ya kutiwa chuma chochote mwilini.

Stenti huachiwa wachache: anayezidi kupatwa na kiharusi ilhali anatumia dawa, ambaye ubongo wake unakosa damu ya kutosha, au ambaye mshipa wake umetuna na unaendelea kukua. Nayo ina hatari zake. Waya waweza kuongeza mchaniko au kung'oa donge la damu, na baadaye mgonjwa hana budi kutumia dawa mbili kwa miezi, zenye kuweza kumtoa damu.

Kwa hiyo ukoo unaochangishana kumpeleka kijana ng'ambo akatiwe stenti, kabla hajapimwa na kujaribiwa dawa, unatapanya fedha na muda. Wala asimeze mtu aspirini nyumbani kwa kubahatisha, maana kipo kiharusi cha kuvuja damu, na kukitambua kwahitaji picha ya kichwa.

Mganga wa zahanati akimwona kijana mwenye maumivu mapya ya upande mmoja wa shingo au kichwa, kope moja imelegea na mboni ya jicho hilo imekuwa ndogo, asimrudishe nyumbani na vidonge vya maumivu. Amwandikie rufaa siku hiyo hiyo.