Historia Ndani ya Sanduku la Bati



Vikundi kadhaa vimetuuliza ni mchezo gani ule wa kufuli uliowafanya watoto wa Kibera wasahau hata uji. Tunaueleza hapa pamoja na makosa yetu, ili nanyi msiyarudie.

Asili ya mchezo ni mji wa Kyoto, Japani, mwaka 2007. Watu huingia chumbani wakapewa mafumbo, na hawatoki mpaka wameyafumbua. Sisi tulibadilisha jambo moja kabla ya yote: hatufungii mtoto ndani. Nyumba zetu ni za mabati na zimebanana. Moto ukishika, dakika ni chache. Mlango unabaki wazi na mtu mzima anakaa hapo. Kinachofungwa ni sanduku, lile la bati la mwanafunzi wa bweni. Ndani yake mna sanduku dogo lenye kufuli yake.

Kisa tulichochagua ni cha Kibera yenyewe. Watoto wanapewa barua tuliyoitunga, kana kwamba imeandikwa na mjukuu wa askari Mnubi. Inasema reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Miaka 19 baadaye serikali ya kikoloni ikaitenga rasmi ardhi ya Kibera kwa ajili ya askari hao wenye asili ya Sudani, waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Lini? Mtoto asiyesoma barua kwa makini hapati kitu, na asiyejua kujumlisha vilevile. Jibu, 1918, ndiyo namba ya kufuli ya kwanza.

Ya pili ni ya ardhi. Ekari zilizotengwa wakati ule zilikuwa 4,197. Hati iliyotolewa kwa jamii ya Wanubi mwaka 2017 ni ya ekari 288. Toa, upate 3909, kufuli ifunguke. Lakini watoto hawakuishia hapo. Msichana mmoja alitaka kujua ni sehemu ngapi ya ile ya kwanza. Wakagawanya: haifiki hata moja ya kumi na nne. Somo la hesabu likageuka kuwa somo la uraia bila sisi kufungua mdomo.

Ndani ya sanduku dogo mna karatasi nyeupe tupu na kikopo cha wino uliotiwa maji. Karatasi imeandikwa kwa mshumaa. Mshumaa hukataa maji, kwa hiyo ukipaka wino, neno linajitokeza: MSITU. Hapo ni lazima watafute mtu wa kuwaambia msitu ni nini kwa Kinubi. Aliyejua ni mtoto mmoja mkimya ambaye darasani hata mkono hainui. Nyanya yake huongea Kinubi nyumbani. "Kibra," akasema. Akabebwa juu juu, na mama aliyeshika mandazi akayatoa.

Sasa makosa. Mwanzoni tulinunua kufuli za namba tatu kwa kuwa ni za bei ya chini. Kijana mmoja akaketi pembeni akazungusha 000, 001, 002, mpaka ikafunguka! Namba tatu zina njia 1,000 tu. Ukijaribu moja kila sekunde, hazifiki dakika 17 umezimaliza. Namba nne zina njia 10,000, karibu saa tatu. Nunueni za namba nne. (Kijana huyo hatukumgombeza. Hesabu si alifanya?)

Kosa la pili lilituuma zaidi. Baada ya mchezo mtoto mmoja akauliza, "Kwa hivyo sisi wengine ni wageni hapa?" Ukumbi ukanyamaza. Kibera watu waliuana baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na neno "mgeni" huku si la mchezo. Hatukuwa tumejitayarisha. Tulijibu ovyo ovyo, na kusema kweli tulirudi nyumbani na aibu.

Wiki iliyofuata tulifunga kamba ya kuanikia nguo ukutani. Kila mtoto alitumwa nyumbani kuuliza: watu wetu walifika Nairobi mwaka gani, na walifuata nini? Majibu yakabanwa kwenye kamba kwa vibanio, kila moja kwenye mwaka wake, pamoja na 1899, 1918 na 2017. Yule aliyeuliza alileta karatasi ya babu yake, aliyekuja kutafuta kazi ya ujenzi. Akaibana mwenyewe, akarudi nyuma kuiangalia. Tangu hapo kamba hutangulia, sanduku hufuata. Kikundi chochote kisicho na nafasi ya kamba, tunakishauri kingoje.

Akina mama wa Kawangware walilikataa sanduku letu kwa upole. "Hata sisi tuna yetu," wakasema, na ni kweli: jirani yao ni Dagoretti, ambako Waingereza walijenga ngome mwaka 1890, na Waiyaki wa Hinga wa upande huo alichukuliwa akafia Kibwezi mwaka 1892. Sasa wanaandika barua yao wenyewe. Kuhusu jina la Kawangware, watoto wametumwa kwa wazee.

Sanduku liko kwa mweka hazina wetu na linaazimwa bure. Tafadhali rudisheni kufuli zikiwa wazi. Mara ya mwisho mbili zilirudi zimefungwa kwa namba mpya, na aliyeziweka hakumbuki.