Gita la nani? Kumbukumbu ya magita ya umeme na lugha ya umiliki

1. Utangulizi

Wazee wapenda muziki, wawe wa Kinshasa au wa Lubumbashi, wanapozungumza juu ya miaka ya 1950 hadi 1970, mara nyingi hutaja magita kabla ya kutaja nyimbo. Husifu gita la Franco, gita la Docteur Nico, na sauti ambayo, kwa maoni yao, vyombo vya siku hizi haviwezi kuitoa. Hamu hiyo si ya bure, maana gita la umeme lilikuwa moyo wa muziki wa nchi nzima. Hata hivyo, usemi wenyewe unastahili kuchunguzwa. Katika Kiswahili, a-unganifu wa "gita la Nico" unabeba maana tatu kwa pamoja: gita analolimiliki Nico, gita analolipiga, na namna yake ya kulipiga. Makala haya yanaeleza kwamba maana ya kwanza, kwa wapigaji walio wengi, haikuwa ya kweli, na kwamba jambo hilo ndilo linalotoa ufunguo wa hamu yenyewe.

2. Kutoka gita kavu hadi gita la umeme

Kabla ya umeme, gita lilikuwa chombo cha mtu mmoja. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Mwenda alikuwa akiimba kwa Kiswahili na kupiga gita kavu kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gita la namna hiyo halikuwa la bei ya juu sana. Yale ya Gallotone, yaliyotoka Afrika Kusini, yalienea mbali kiasi kwamba wapigaji wa Afrika Mashariki waligeuza jina la kampuni kuwa jina la chombo, wakaita gita kavu lolote "galatoni". Aliyekuwa nalo aliweza kulibeba begani hadi kambi ya wafanyakazi, arusini au kilioni, bila kumwomba mtu ruhusa.

Gita la umeme lilikuja kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bill Alexandre, mpiga gita wa jazi kutoka Ubelgiji, alifika Léopoldville kufanya kazi katika studio ya CEFA, na kwa kawaida yeye ndiye anayetajwa kuwa aliyeleta magita ya umeme mjini humo. Katika chombo hicho nyuzi za chuma hupita juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi unapotikisika, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani ya waya, kisha amplifaya huukuza hadi uwe sauti ya kujaza baa nzima. Kwa hiyo gita peke yake halikutosha. Palihitajika amplifaya, vipaza sauti, nyaya na umeme wenyewe. Mpigaji wa kawaida, hata akipata gita, asingeweza kununua vyote hivyo.

3. Mwenye gita na mpiga gita

Hapa ndipo maneno mawili ya Kiswahili yanapotengana: mwenye gita na mpiga gita. Studio za Léopoldville zilikuwa za wafanyabiashara, wengi wao Wagiriki. Ngoma ilianzishwa mwaka 1948 na Nicolas Jéronimidis, na Loningisa mwaka 1950 na Basile Papadimitriou. Vyombo vya umeme vilikuwa sehemu ya mtaji wa watu wa namna hiyo. Franco, aliyezaliwa mwaka 1938, alianza utotoni na gita alilojitengenezea kwa kopo na waya, akipiga karibu na meza ya mama yake aliyeuza mikate sokoni. Mwaka 1953 aliingia Loningisa akiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Gita la kopo lilikuwa lake bila shaka yoyote, ila halikuweza kusikika mbali. Bendi aliyoshiriki kuiunda mwaka 1956, OK Jazz, ilipata jina lake kutokana na baa ya Oscar Kashama. Jina hilo lilimtaja mwenye mahali, si wapigaji.

Baada ya uhuru, wanamuziki wachache wakubwa walipata kuwa wenye vyombo wao wenyewe. Franco alikuwa mmoja wao. Mwingine alikuwa Kiamuangana Mateta, yaani Verckys, aliyetoka OK Jazz mwaka 1969 na kuwa mlezi wa bendi za vijana kama Bella Bella na Lipua-Lipua. Lakini mfumo haukubadilika, bali mwenye mali ndiye aliyebadilika. Kijana mwenye vidole vyepesi aliendelea kupiga chombo ambacho angekirudisha siku ya kuachana na mkubwa wake. Franco alifariki mwaka 1989. Miaka minne baadaye wanamuziki waliobaki walishindwa kuelewana na jamaa zake juu ya mapato, wakatoka na kuanzisha Bana OK chini ya jina jipya.

Hali haikuwa tofauti sana ng'ambo ya Tanganyika. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Huko neno "vyombo", likitamkwa peke yake, lilitosha kumaanisha magita, ngoma na vipaza sauti vyote vya bendi, na swali la kwanza juu ya bendi yoyote mpya lilikuwa: vyombo ni vya nani?

4. Shaba na uhaba

Zaire ilinunua magita kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilitoka hasa katika shaba ya Katanga, madini yale yale yanayozungushwa katika sumaku za gita. Mwaka 1973 maduka na makampuni ya wageni yalitwaliwa na kugawiwa, na mwaka 1974 bei ya shaba ikaanguka. Tangu hapo, kupata uzi mpya au taa ya amplifaya kukawa kazi ngumu. Orchestra Maquis iliondoka Lubumbashi na kufanya makao Dar es Salaam. Baba Gaston alikwenda Nairobi. Wengine walibaki na kutengeneza vya zamani tena na tena. Uporaji wa 1991 na 1993 uliwakuta wengi wakiwa na vyombo vilivyokwisha kuchakaa.

Kwa hiyo gita linalokumbukwa ni gita la miaka ya wingi, na sauti yake imekuwa alama ya wakati ambapo mshahara ulitosha na baa ilijaa.

5. Hamu inasahau nini?

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hamu ya magita ya zamani inasahau kwamba mengi yalikuwa ya kuazima, na inasahau pia watu waliokataa kuazima. Mjini Kinshasa, katika karakana ya Lemba, fundi Misoko Nzalayala, anayejulikana kwa jina la Socklo, alitengeneza magita kwa mikono yake kwa miongo kadhaa ili wapigaji wasio na fedha za Gibson au Fender wapate chao. Mingiedi Mawangu wa Konono N°1, aliyefariki mwaka 2015, alichukua sumaku za magari yaliyokufa, akazizungushia waya wa shaba na kuziunga na likembe. Kanuni ni ile ile ya gita la umeme, isipokuwa safari hii mpigaji ndiye mwenye chombo.

6. Hitimisho

Wanafunzi wanaokusanya kumbukumbu za wanamuziki wazee, kabla sauti zao hazijanyamaza, wasitosheke na kusikia kwamba fulani alikuwa na gita zuri. Wamwulize alilipata kwa nani, alililipiaje, na siku ya kuondoka alilirudisha kwa nani. Majibu hayo hayatapunguza utamu wa muziki. Yataonyesha kwamba "gita la Nico" lilikuwa la Nico kwa maana ile ambayo hakuna tajiri aliyeweza kuidai irudishwe: namna yake ya kulipiga.