Kichocheo chenye vitundu kinavyochuja malighafi ya chupa na nguo

CHUPA nyingi za maji na soda, pamoja na vitambaa vya poliesta, vina asili moja: kimiminika kiitwacho parazailini, kinachotokana na mafuta ghafi.

Tatizo la viwanda ni kwamba kemikali hiyo haizaliwi peke yake. Huja na ndugu zake wawili, metazailini na othozailini, wenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti. Katika mchanganyiko wa kawaida, parazailini huwa takriban robo tu.

Kuitenga kwa kuchemsha ni vigumu, kwani huchemka kwenye nyuzi joto 138 za Sentigredi, ilhali metazailini huchemka kwenye 139. Kuigandisha kwa baridi kali kunawezekana, lakini hula nishati nyingi.

Hapo ndipo zeolaiti inapohitajika. Madini haya yalipewa jina mwaka 1756 na Axel Fredrik Cronstedt wa Sweden, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe linalochemka, baada ya kuliona likitoa mvuke lilipopashwa moto. Maji hayo yalikuwa yamejificha ndani ya vitundu vyake visivyoonekana kwa macho.

Viwanda vya kemikali hutumia zaidi zeolaiti za kutengenezwa. Mojawapo ni ZSM-5, ambayo kampuni ya Mobil ya Marekani iliipatia hataza mwaka 1972. Vitundu vyake vina upana wa takriban nusu nanomita. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Ili kuipata, silika na alumini huchanganywa na soda kali na kemikali ya kikaboni inayotumika kama kalibu. Rojo hilo hupikwa ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, kwa joto linalozidi nyuzi 150, hadi fuwele zijitokeze. Fuwele huoshwa, kisha huokwa kwa nyuzi 550 hivi. Kalibu huungua na kuacha vitundu vitupu.

Hata hivyo, unga huo bado si kichocheo kamili kwa sababu una sodiamu. Hulowekwa katika maji ya chumvi ya amonia ili sodiamu itoke, kisha huokwa tena. Amonia hutoweka na kuacha haidrojeni, na hapo ndipo hupatikana ile asidi inayoendesha mabadiliko ya kemikali.

Kemikali iitwayo toluini inapopitishwa humo, zailini zote tatu huundwa. Parazailini, iliyo nyembamba, hutoka upesi; ndugu zake hukwama na kuendelea kubadilika hadi nao wageuke kuwa parazailini.

Kasoro hubaki kwenye ngozi ya nje ya fuwele. Nayo ina asidi, lakini haina mlango wa kuchuja, hivyo parazailini iliyokwisha kutoka huweza kugeuzwa tena. Dawa yake ni kuipaka fuwele utando mwembamba wa silika, unaofunika asidi hiyo na kubana midomo ya vitundu. Kwa marekebisho hayo, sehemu ya parazailini katika zailini zinazotoka huweza kuzidi asilimia 80.

Utando ukizidi unene, vitundu huziba na uzalishaji hupungua. Masizi nayo hujikusanya kadiri kichocheo kinavyotumika, hivyo hulazimu kuchomwa kwa hewa ya moto ili kazi iendelee.